Je, wajua kwa nini mbunge mwenye saratani alikesha njiani na mvua kwa ajili ya kura moja?

Julai 1776, wajumbe wa makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika walikuwa Philadelphia wakijadili kama wajitenge na Mfalme George wa Tatu. Koloni dogo la Delaware lilikuwa na wajumbe watatu, lakini tarehe 1 walikuwepo wawili tu, Thomas McKean na George Read. Wa tatu, Caesar Rodney, alikuwa kwao, kiasi cha kilomita 130 kutoka hapo.

Kwa nini asisubiriwe, au wenzake wasimalize bila yeye? Kwa sababu mjumbe hakuwa na kura yake binafsi. Koloni zima lilikuwa na kura moja, liwe na wajumbe watatu au tisa. Wajumbe wake walikubaliana kwanza wao kwa wao, wengi wape. McKean alitaka uhuru, Read akakataa. Wakafungana, na kura ya Delaware ikafa. Siku hiyo makoloni tisa yaliunga mkono, Pennsylvania na South Carolina yakapinga, New York ikakaa kando. Tisa yalitosha kupitisha hoja, lakini nani angethubutu kumwasi mfalme huku ndugu wamegawanyika? McKean akatuma mtu haraka akamwite Rodney.

Rodney alikuwa Spika wa Bunge la Delaware na kamanda wa wanamgambo, akihangaika na watu waliobaki upande wa mfalme. Alikuwa na pumu, na saratani ilikuwa ikimla uso. Sehemu iliyoharibika aliifunika kwa kitambaa cha hariri ya kijani. John Adams, aliyemwona 1774, aliandika kwamba ni mrefu, mwembamba kama tete, uso wake haukuzidi tofaa kubwa, ila umejaa akili na moto. Mtu wa hali hiyo ndiye aliyeianza safari ile usiku. Radi na mvua vilimchelewesha, kama alivyomweleza mdogo wake Thomas kwa barua ya tarehe 4.

Tarehe 2 McKean alimpokea Rodney mlangoni, Rodney bado amevaa buti za safari. Rodney akasema ndiyo, Delaware ikawa mbili kwa moja. Makoloni 12 yakakubali, hakuna lililopinga, New York tu ikawa kimya.

Hapa ndipo moyo wangu unaposita. Mtu huyu aliyeteseka hivyo kwa ajili ya uhuru alikuwa na watumwa mashambani mwake, watu wenye asili ya Afrika. Miaka ya 1760 aliunga mkono muswada wa kuzuia watumwa kuingizwa Delaware, ukashindwa. Watumwa wake mwenyewe akabaki nao.

Alifariki Juni 1784, haujapita mwaka tangu Uingereza itie saini mkataba wa kuutambua uhuru ule. Sanamu yake akiwa juu ya farasi, iliyosimama mjini Wilmington, Delaware, tangu 1923, iliondolewa Juni 2020.