Mto Ugalla ukikatika haujafa
Jamani hapa Tabora kila ikifika Septemba nasikia watu wanasema Ugalla umekufa, eti hata kuufanya hifadhi ya taifa 2019 hakujasaidia kitu. Si kweli kabisa. Kule mvua inanyesha kama Novemba mpaka Aprili tu, halafu ardhi ni tambarare na jua linakausha maji haraka, kwa hiyo mto kukatikakatika na kubaki madimbwi ndo tabia yake. Yaangalie hayo madimbwi: viboko wamebanana, mamba wamelala kwenye tope, ukingoni udongo umepasuka. Misitu ya miombo ya huku ndo inasaidia maji yazame ardhini, inaniuma sana mtu anakata miti ya mkaa halafu analaumu hifadhi. Mvua zikirudi mto unaungana tena, unaingia mto Malagarasi mpaka Ziwa Tanganyika.