Na shangazi je?

"Daktari, mimi sina matiti." Ndivyo wanaume wengi wanavyonijibu nikiwatajia saratani ya matiti. Wanayo. Nyuma ya chuchu ya kila mwanaume kuna nyama kidogo ya titi, na saratani huanzia humo, mara nyingi kama uvimbe mgumu usiouma. Wengine huanza kwa damu: mwaka 2019 Mathew Knowles, baba yake Beyoncé, alieleza hadharani jinsi alivyoona vitone vya damu kwenye shati lake. Alipopimwa, alikutwa pia na hitilafu ya BRCA2, mojawapo ya jeni, yaani maelekezo ya mwili tunayorithi kwa wazazi.

Nikipata mgonjwa kama huyo, huchukua karatasi nikachora ukoo: mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke. Hunitajia mama, bibi mzaa mama, mama wadogo, kisha kimya. Nauliza: na shangazi je? Maana wengi wanaamini ugonjwa huu hupitia kwa akina mama tu, na imani hiyo inaumiza watu. BRCA2 iko kwenye kromosomu ya 13, mojawapo ya vifurushi vinavyobeba jeni. Kila mtu ana mbili: moja tunapewa na baba, nyingine na mama. Baba mwenye hitilafu anaweza kumrithisha mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, nusu kwa nusu, hata kama yeye hataugua kamwe.

Kazi ya jeni hii ni kusaidia kuunga uzi wa DNA, ambamo maelekezo ya mwili yameandikwa kama kwa herufi, unapokatika. Huko Iceland kuna hitilafu moja maarufu: herufi tano tu zimedondoka, na kuanzia hapo maelekezo husomeka ovyo, protini ikaishia njiani. Utafiti wa 1997 uliikuta kwa wanaume 40 kati ya kila 100 wenye saratani ya matiti nchini humo. Kwingineko ni wachache zaidi, na wengi hawana hitilafu yoyote ya kurithi inayojulikana. Zipo pia jeni nyingine zinazohusika, kama PALB2 na CHEK2.

Mwanaume mwenye hitilafu ya BRCA2 asikate tamaa: kati ya 100 kama yeye, wanaougua titi ni kama 4 hadi 7. Ila achunguze na tezi dume, maana hitilafu hiyohiyo huongeza hatari ya saratani huko pia.

Kipimo ni damu kidogo au mate. Hitilafu ikionekana, namwomba awapigie simu dada zake na mabinti zake watu wazima wiki hiyohiyo.