Kabla ya kujenga maegesho mapya Mbeya mjini, tuyaachie huru yaliyopo

Malalamiko ya maegesho katikati ya Jiji la Mbeya yameongezeka, na karibu yote yanaishia kwenye ombi moja: lijengwe ghorofa la kuegesha magari, Uhindini au jirani na Soko Matola. Ombi hilo nalichukulia kwa uzito. Ninayoyaeleza hapa ni ya kitaalamu tu, kwani uamuzi wa kujenga au kutojenga ni wa Baraza la Madiwani. Lakini nikiulizwa ushauri wangu kama mpangamiji, nasema tusianzie kwenye ghorofa.

Hivi karibuni, asubuhi yenye baridi ya kukunja vidole, nilisimama kwenye mtaa mmoja wa Uhindini kabla maduka hayajafunguliwa. Mlinzi wa duka la vipuri akatoka na ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojazwa zege, katikati imechomekwa nondo, akaitua barabarani mbele ya duka. Nikamuuliza ni ya nini.

"Shikamoo mzee. Hapa pana mtu."

"Marahaba. Mtu gani?"

"Mama, mke wa bosi. Anafika saa nne."

"Na bosi mwenyewe?"

"Bosi ameshafika. Gari lake lile pale."

Gari la bosi lilikuwa pikapu nyeupe, kioo cha mbele kimekingwa jua kwa boksi lililokunjuliwa. Niliporudi saa kumi na moja jioni, boksi lilikuwa palepale na pikapu haikuwa imesogea hata hatua moja. Mchana, kwenye mtaa huohuo, mama mmoja mwenye matenga ya parachichi kutoka Rungwe alizunguka mara tatu akitafuta pa kusimama. Mwishowe akashusha mzigo katikati ya barabara, Hiace tatu nyuma yake zikimpigia honi.

Nafasi moja ya gari ni kama mita 2.5 kwa mita 5. Duka likiwa wazi saa 10 kwa siku, wateja wanaokaa nusu saa kila mmoja wangeweza kupokezana nafasi hiyo hadi magari 20. Pikapu ya bosi imeimeza siku nzima. Hakuna mfanyabiashara anayekubali bidhaa isiyotembea ikae rafu ya mbele mwaka mzima, lakini mbele ya duka lake mwenyewe anaweka gari lisilotembea, kisha anatuandikia barua kwamba wateja wamepungua kwa sababu Jiji halina maegesho.

Sasa tuje kwenye ghorofa. Ukijumlisha njia za kupita na za kugeuzia, gari moja linahitaji kati ya mita za mraba 25 na 30. Ekari moja nzima, ikiwa tambarare, hubeba magari kati ya 135 na 160 hivi tu. Na ekari moja katikati ya mji ni vizimba vingi vya soko. Ukipanda juu kwa ghorofa, unaongeza mteremko wa kupandishia magari na nguzo nzito, na kwa kuwa Mbeya tumekaa ndani ya Bonde la Ufa, mhandisi lazima akokotoe na tetemeko. Gharama hiyo italipwa na nani? Itabidi ushuru wa ghorofani uwe mkubwa kuliko wa kando ya barabara, na hapo ndipo mpango unapokwama. Hakuna dereva atakayepanda ghorofa ya tatu kulipa zaidi, ilhali chini anaweza kuegesha kwa bei ndogo au kuweka ndoo ya zege bure. Ghorofa litabaki tupu na mtaa utabaki umejaa.

Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyefariki Februari 2025, alilifanyia kazi suala hili kwa miongo mingi. Ushauri wake ulikuwa kwamba ushuru wa kando ya barabara upangwe kiasi kwamba kila mtaa unabakiwa na nafasi moja au mbili wazi wakati wote. Mji wa San Francisco ulianza kujaribu njia hiyo 2011, ukipandisha bei kwenye mitaa inayojaa na kuishusha kwenye mitaa iliyo wazi. Sisi tunaweza kuanza na kitu chepesi zaidi: kuweka ukomo wa saa kwenye mitaa michache yenye maduka mengi, na kuusimamia kweli.

Kuna mambo ambayo tumeyaeleza mara nyingi, na nitayaeleza tena. Eneo lililo mbele ya duka lako ni hifadhi ya barabara kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Si sehemu ya kiwanja chako, na leseni ya biashara haikupi haki ya kulizungushia mnyororo, tairi wala jiwe. Vitu hivyo vinaweza kuondolewa, na gari lililozuia njia linaweza kuvutwa. Mwenye gari ndiye anayebeba gharama za kulivuta na za kulilaza yadi. Ushuru wa maegesho nao si malipo ya ulinzi, kwa hiyo anayekuja na risiti kudai fidia ya kioo cha pembeni kilichoibiwa tunamwelekeza polisi.

Mhudumu anaposajili gari kwenye mashine, deni linakaa kwenye namba ya gari, halikai kwa dereva. Unapewa namba ya malipo ya Serikali, unalipa kwa simu, benki au wakala, na unatunza ujumbe wa uthibitisho. Usimpe mhudumu fedha mkononi. Unaponunua gari lililotumika, angalia kwanza madeni ya namba ile, kwa maana utakapolisajili gari kwa jina lako, deni halimfuati aliyekuuzia. Kosa la usalama barabarani ni jambo jingine kabisa. Ukisimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, askari anaweza kukuandikia faini ya shilingi 30,000 hata kama ushuru umelipa. Kwa bodaboda na bajaji faini ilishushwa hadi shilingi 10,000 mwaka 2021.

Kinachoniuma zaidi ni majengo mapya. Michoro inaletwa kuombewa kibali cha ujenzi ikiwa na maegesho safi chini ya jengo, inapitiwa na afisa ardhi, afisa afya, mhandisi na Zimamoto, kibali kinatoka. Jengo likikamilika, yale maegesho yanageuka stoo ya mchele au ya saruji, na magari ya wapangaji yanahamia barabarani. Huko ni kubadili matumizi bila idhini chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na mwenye jengo anaweza kupewa notisi ya kurudisha hali ya awali. Nafasi hizo zilishajengwa na zilishalipiwa. Nashauri zikaguliwe moja baada ya nyingine kabla fedha ya umma haijanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Wengi wanaoingia mjini kila siku wanakuja kwa Hiace, bajaji au kwa miguu, na Sensa ya 2022 ilitukuta tumeshavuka watu laki tano. Kwa hiyo kama Jiji litajenga, nashauri lijenge pembezoni: Uyole, Nzovwe na kuelekea Mbalizi, karibu na vituo, ili anayetoka mbali aache gari na kupanda Hiace. Barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, itavuta magari mengi zaidi kuelekea mjini. Viwanja vya maegesho hayo vitengwe kwenye michoro ya mipango miji sasa, maana vikishapimwa na kuuzwa kwa makazi, kuvirudisha kutahitaji fidia ambayo hatuna.