Je, wajua lile povu jeupe la kufungia televisheni limepitia kwenye kutu?

Ukifungua boksi la televisheni mpya utakuta vipande vyeupe, vyepesi, vile ambavyo watoto huvimenya hadi sebule nzima ikajaa punje. Hiyo ni polistairini, na huanza kama kimiminika kiitwacho stairini. Viwanda vingi huipata stairini kwa kupitisha mvuke wa ethilibenzeni juu ya vidonge vyekundu vya oksidi ya chuma, ndugu wa damu wa kutu inayokula mabati ya paa lako.

Ethilibenzeni ni pete ya kaboni sita yenye kimkia cha kaboni mbili. Kinachotakiwa ni kukinyang'anya kimkia hicho atomi mbili za haidrojeni, basi. Ila haidrojeni haibanduki kirahisi. Inataka joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi, na kwenye moto huo molekuli zikiachwa zenyewe huvunjika ovyo. Vile vidonge vya kutu ndivyo kichocheo, yaani kitu kinachorahisisha mmenyuko: huzifungulia njia ya mkato, pete ikabaki nzima.

Lakini kutu tupu haifui dafu. Haichukui muda inafunikwa na masizi kama sufuria ya mafigani. Ndiyo maana huchanganywa na potasiamu, ileile iliyojaa kwenye majivu ya kuni, pamoja na metali za seriamu na molibdeni kidogo. Potasiamu ikishikamana na chuma huzaa oksidi mseto ambayo wanakemia wengi huiona ndiyo yenye kazi hasa. Tena huusaidia mvuke wa maji kuyala masizi: kaboni huondoka ikiwa gesi, na vidonge hujisafisha vikiwa kazini.

Mvuke huo wa maji humwagwa kwa wingi, kupita hata ethilibenzeni yenyewe. Huleta joto, kwa kuwa mmenyuko huu hulifyonza, na huzitawanya molekuli ili haidrojeni iliyotoka isipate nafasi ya kurudi.

Tatizo ni kwamba potasiamu haitulii. Nyingine hubebwa na mvuke, nyingine hujificha katikati ya kidonge, mahali penye joto pungufu. Mafundi hufidia kwa kupandisha moto kidogokidogo, mpaka baada ya miaka kadhaa vidonge vinabadilishwa. Vikitolewa, wekundu umeshatoweka. Ni vyeusi, maana haidrojeni imeigeuza hematiti, ile oksidi nyekundu ya chuma, kuwa magnetiti, oksidi nyeusi ya chuma, na ukivisogezea sumaku vinanata.