Mombasa husomwa kwa miguu

Wageni wengi wakifika Mombasa hupiga picha chini ya mapembe ya alumini pale Moi Avenue, kisha mbio kutafuta mchanga wa Nyali au Diani. Sina ugomvi na mchanga, ila mji wanaupita tu. Sisi tunaoshughulika na turathi humshauri mgeni aanzie Bandari ya Kale, kwa kuwa mji huu uliletwa na upepo.

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kwa karne nyingi ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Arabuni, Ghuba na India. Kusi ikianza kushika Aprili, yakarudi kwao na boriti na pembe za ndovu. Kati ya pepo hizo mbili mabaharia walikaa miezi wakingoja. Wengine wakaoa, wakajenga, wakazikwa hapa.

Ingia Mji wa Kale utazame nyumba. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari za zile kongwe zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti moja haivuki mbali, yapata mita 3, kwa hiyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mkoko ndio uliompangia fundi ramani! Nje ya mlango wa nakshi kuna kibaraza. Ukiwakuta wazee wameketi, salimu kwanza. Habari ya picha ije baadaye, na kwa ruhusa.

Hatua chache mbele ni Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Usikimbilie mizinga. Chungulia handaki uone mahali mwamba uliochongwa unapoishia na mawe ya kujengwa yanapoanza. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi Desemba 1698, na meli ya Kireno Santo António de Tanna ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Baadhi ya vitu vilivyoopolewa humo vimo makumbushoni. Waingereza waliigeuza jela, na tangu 2011 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Jua likipunga, nenda barabara ya Mama Ngina, kwenye mibuyu. Hapo ndipo mlango wa bandari ya Kilindini, jina litokanalo na kilindi, na meli za makontena hupita karibu hata ukadhani zitapanda ufukweni. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, maji hupwa mbali, miamba ikabaki uchi.

Usishangae ukielekezwa “shika ndia hii”: Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema ndia kwa njia, na mato kwa macho. Ukipotea vichochoroni usiku, sikiliza vikombe vinavyogonganishwa. Ni muuza kahawa chungu, naye anaijua kila ndia.