Sahihi yako haifuti uongo wa muuzaji: haki za anayenunua simu kwa mkopo

Wiki haipiti bila mtu kuingia ofisini kwetu, tunakopokea malalamiko ya wanunuzi, na simu ya mkopo iliyojifunga kwa sababu hajalipa. Kioo kinaonyesha kiasi anachodaiwa na nambari ya kulipia, basi. Wengi wamesikia kwamba tangu Desemba 2024 sheria imempa mkopeshaji asiyepokea amana (yaani asiyeweka akiba za wateja kama benki), akiwemo anayeuza kwa mtindo wa nunua sasa ulipe baadaye, msimamizi ambaye ni Benki Kuu ya Kenya. Ni kweli. Lakini haki ya kuambiwa ukweli dukani haikuanza mwaka huo. Imo katika Kifungu cha 46 cha Katiba, na katika Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012.

Mama mmoja muuza mboga alituletea simu yake ikiwa bado kwenye boksi lake. Humo ndani mlikuwa na kikaratasi alichoandikiwa na wakala kwa kalamu: “3,000 leo, 70 kila siku, mwaka 1.” Alipouliza riba alijibiwa kwamba hakuna riba. Tulimpigia hesabu mezani. Shilingi 70 kwa siku 365 ni 25,550. Ukiongeza zile 3,000 unapata 28,550. Simu ya aina hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa 15,000 taslimu kwenye duka la jirani. Alikitazama kile kikaratasi kwa muda, akasema, “Lakini mimi nilitia sahihi.”

Hapo ndipo wananchi wengi wanapokosea, nasi tumelieleza jambo hili mara nyingi mno. Sahihi haimtakasi muuzaji aliyedanganya. Sheria ya 2012 inahesabu kuwa ni biashara isiyo ya haki kumpa mteja maelezo ya uongo au ya kupotosha, kutia chumvi jambo la msingi, na hata kulinyamazia jambo la msingi ikiwa ukimya huo unampotosha mteja. Mkataba uliofungwa kwa njia hiyo, uwe wa maandishi au wa mdomo, mteja anaweza kuuvunja. Muda wa kutoa notisi ni mwaka 1 tangu siku ya makubaliano. Si tangu siku simu ilipojifunga, wala si tangu siku jirani alipokufungua macho.

Notisi yenyewe haina fomu maalumu. Karatasi ya daftari inatosha, mradi ionekane wazi kwamba unavunja mkataba na kwa sababu gani. Andika tarehe ya kununua, jina la duka, nambari ya simu uliyotumia kulipa, maneno uliyoambiwa na ukweli ulioukuta. Toa nakala mbili. Moja mpe muuzaji, nyingine igongwe muhuri au isainiwe kwamba imepokelewa. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa njia inayobakiza rekodi, hata kama ni baruapepe. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Kuna watu hufuta ujumbe wote ili simu isijae, kisha wanakuja kwetu mikono mitupu.

Upo pia upande wa pili ambao mawakala hawapendi kuutaja. Kama mkataba wako unasema simu itabaki mali ya muuzaji mpaka umalize malipo, huenda unaangukia chini ya Sheria ya Ununuzi wa Kukodi (hire purchase), hata kama juu umeandikwa “mkopo”. Tunasema huenda kwa sababu kila mkataba husomwa kwa maneno yake. Sheria hiyo inamtaka muuzaji akujulishe bei ya taslimu kwa maandishi kabla hujafunga mkataba, isipokuwa kama bei hiyo ilibandikwa kwenye bidhaa ukaiona. Mkataba unapaswa kupelekwa kwa Msajili wa mikataba hiyo ndani ya siku 30, na usiposajiliwa, muuzaji hawezi kuutumia kukubana. Tena, ukishalipa theluthi mbili ya bei yote, hawezi kukunyang'anya bidhaa bila kwenda mahakamani. Kwa yule mama, theluthi mbili ya 28,550 ni kama shilingi 19,033, yaani, ukihesabu na zile 3,000 za kwanza, ataifikia siku ya 230 akilipa bila kuruka.

Haya hayana maana kwamba unyamaze na kuacha kulipa. Mtu anaacha kulipa, anaipeleka simu kwa fundi ifunguliwe, kisha jina lake linafika CRB, zinakowekwa rekodi za wanaodaiwa mikopo, ndipo anakuja kulalamika. Hapo ametuvurugia kesi ambayo angeishinda. Toa notisi kwanza, na simu iache ilivyo.

Kwa muuzaji, adhabu si za mzaha. Chini ya Sheria ya Ushindani ya 2010, anayetoa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au bei yake anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Malalamiko ya aina hiyo hupokelewa na Mamlaka ya Ushindani. Ila faini huenda serikalini, haiingii mfukoni mwako, na hili huwaudhi wengi wanapolisikia.

Anayetaka kurudishiwa pesa zake aende Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, unaweza kujieleza kwa Kiswahili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Nenda na notisi yako, rekodi ya malipo, mkataba kama ulipewa, na chochote alichokuandikia wakala. Kile kikaratasi cha mama muuza mboga, chenye mwandiko wa wakala mwenyewe, ndicho tulichokitoa nakala kwanza.