Benzi ya 240D au Hilux mpya? Anzia pale gari linapofia

Mtu akija gereji kuniuliza anunue Benzi ya zamani au pikapu mpya, huanza na injini: ina nguvu kiasi gani, inakula mafuta kiasi gani. Kwa hapa Dar mimi naanza na swali jingine. Gari hili litafia wapi?

Chukua Mercedes-Benz 240D, ile ya toleo la W123, la kati ya 1976 na 1986. Dizeli ya lita 2.4, haina tabo, na hata zile za miaka ya 80 zina farasi 72 tu. Hilux ya lita 2.8 iliyotoka 2015 ilianza na farasi 177. Kwenye mwendo Benzi haioni ndani. Ila injini yake ikishawaka haihitaji umeme wala kompyuta ili iendelee kuzunguka. Hata kuzimwa inazimwa kwa mvuto wa hewa: ukirudisha ufunguo, hewa inavutwa kwenye vipaipu vyembamba na dizeli inakatwa. Zenye senta loki hutumia hewa hiyohiyo kufunga milango, kwa hiyo kipaipu kikipasuka mlangoni unaweza kutoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Usipagawe. Fungua boneti, bonyeza kile kidude kilichoandikwa STOP.

Kinachoiua Benzi hii ni kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma, hasa ukikaa Msasani au Kigamboni. Nenda na sumaku uliyoifunga kitambaa. Ipitishe nyuma ya matairi ya mbele, sehemu za kuwekea jeki, chini ya betri, na shimo la tairi la spea kwenye buti. Ikigoma kushika, hapo pana puti, ile lami ya kuzibia mashimo kabla ya kupaka rangi. W123 haina chesisi ya peke yake kama pikapu. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo sakafu ikioza gari zima limeoza.

Hilux kinachoiua ni mafuta machafu. Dizeli inasukumwa kwa presha inayozidi bar 2,000 kupita kwenye matundu ya nozeli, vile vya kunyunyiza dizeli ndani ya injini, usiyoweza kuyaona vizuri kwa macho. Maji kidogo tu yanatosha kuiharibu. Na kila nozeli mpya ina namba yake ya kuingizwa kwenye kompyuta. Fundi asiye na mashine akibahatisha, injini inagonga na kutoa moshi. Dizeli ya kwenye madumu iache kabisa, na filta ibadilishe kwa wakati.

Kwenye rafu rodi za Goba, Hilux tupu inarusha, maana springi za nyuma zimetengenezwa kubeba karibu tani nzima. Benzi ina springi za koili miguu yote minne, na mzee mwenye mgongo mbovu ningempa hiyo bila kusita. Wa kubeba saruji kwenda Chanika achukue Hilux.

Ukiamua Benzi, tenga hela ya kuchomelea kabla ya hela ya rangi. Ukikuta imepigwa rangi mpya inang'aa, ipandishe juu uione tumbo kabla hujalipa.